SGR ya Kenya na ya Tanzania: nimepanda zote

Watu hulinganisha mabehewa na viti vya reli hizi mbili za kisasa. Mimi naanzia kwa anayeendesha treni. Kenya walipozindua safari za Mombasa–Nairobi mwaka 2017, reli ilikuwa mali ya Shirika la Reli, lakini uendeshaji walipewa Wachina, kampuni ya Afristar. Kwetu Tanzania TRC, shirika letu la reli, ndiye mwenye reli, ndiye mwenye treni, ndiye anayekata tiketi. Tulishawahi kuingia ubia wa kuendesha reli na Wahindi wa kampuni ya RITES mwaka 2007, ukavunjika 2011, kwa hiyo safari hii sishangai kuona serikali imeshika usukani yenyewe.

Mombasa jipange mapema. Kabla hujaingia stesheni, mabegi yote yanapangwa mstari mmoja, wenyewe mnasogea pembeni, askari anapita na mbwa wa kunusa. Daraja la pili viti vinatazamana, magoti kwa magoti na usiyemjua, na mpaka mnafika Voi mmeshajuana hadi majina ya watoto. Stesheni yenyewe iko Miritini, ya Nairobi iko Syokimau, zote nje ya mji. Afadhali Syokimau kuna treni ndogo ya kukufikisha katikati ya jiji. Dar unashukia mjini kabisa, Kariakoo unaenda kwa miguu kama huna mizigo.

Tofauti kubwa ni umeme. Ya Kenya inatumia dizeli na mwendo wake hauzidi kilomita 120 kwa saa. Yetu inafika 160. Umbali haupishani sana, lakini Mombasa–Nairobi ni kama saa tano au sita, na Dar–Dodoma kwa Mchongoko, treni yetu ya haraka, ni saa tatu na ushee. Basi lingekula siku nzima. Ila umeme nao una vituko vyake: mwaka 2024 treni ilikwama njiani, TRC wakatoa taarifa ikiwataja wanyama kuwa chanzo, bundi akiwemo. Mitandaoni watu walicheka wiki nzima.

Nauli ni karibu sawa: Dar–Dodoma treni ya kawaida 31,000 ya kwetu, Mombasa–Nairobi daraja la pili 1,500 ya Kenya.

Yetu naipa nyota nne. Ya Kenya tatu na nusu, na hiyo nusu ni ya tembo wa Tsavo, maana tuta la reli limeinuliwa juu na unawaona vizuri dirishani.