Mkulima akichafua maji: faini au ushauri?

Faini huonekana nafuu, ila mkaguzi lazima afike shambani, tena mara kwa mara. Ushauri na ruzuku hula fedha za umma mapema.

Kwenye uhakika wa nani kachafua ndipo penye kazi. Bomba linalomwaga kinyesi cha ng'ombe mtoni lina mwenyewe: unachukua sampuli, unamfuata. Hapo faini haina mpinzani. Lakini naitrati, chumvi za naitrojeni zitokazo kwenye mbolea na samadi, husombwa na mvua kutoka mashamba mengi, na maji yakishachanganyika huwezi kusema hii ni ya nani. Marekani haidai kibali kwa maji ya mvua yanayotiririka kutoka mashambani. Umoja wa Ulaya, kwa sheria ya 1991, uliweka kikomo cha kilo 170 za naitrojeni ya samadi kwa hekta kwa mwaka katika maeneo ambayo maji yake yamo hatarini kuchafuliwa na naitrati; hiki angalau hukaguliwa kwenye kumbukumbu za shamba.

Ukanda wa nyasi unaoachwa kando ya mto kuzuia uchafu wa shamba hudumu mkulima akiuamini, na hapo ushauri unashinda.

Bonde lenye mfugaji mmoja mkubwa ambaye bwawa lake la kinyesi linavuja, anzeni na sheria. Wanaokunywa maji hayo hawawezi kusubiri semina. Penye wakulima wadogo wengi, bwana shamba atangulie, faini ibaki kwa anayekaidi.