Unga wa asidi ya sitriki kwa chupa za dawa za picha: ukoko umetoka, rangi imebaki

Naupa nyota 4 kati ya 5. Nina chupa tatu za kuhifadhia dawa za kusafishia filamu, mbili za plastiki nzito na moja ya kioo cha kahawia, na zile mbili za developa (dawa inayotokeza picha kwenye filamu) ndo zilikuwa zinanikosesha raha, kitako kimeshika ukoko mweupe na pembeni rangi kama ya kikombe kilicholala na chai, maji ya moto na sabuni nilisugua mpaka mkono ukauma, wapi.

Nikaweka kijiko kikubwa kimoja kwenye lita moja ya maji vuguvugu, nikaacha usiku kucha mfuniko nimeulegeza, maana ikikutana na ule ukoko inatoa vipovu vya gesi na ukikaza chupa itavimba. Asubuhi namwaga ukoko unatoka vipandevipande, kidole ukipitisha ndani ya shingo hakikwaruzi kitu. Ile ni chokaa ya maji magumu kwahiyo asidi ndo kiboko yake.

Rangi ya kahawia sasa, hapo ndo nyota moja imeenda. Ile ni developa iliyooksidika kwa kukaa na hewa, kwenye kioo nilitia konzi ya mchele mkavu na maji kidogo nikatikisa ikatoka karibu yote, ila kwenye plastiki imeshazama, imefifia tu. Niliogopa kweli, lakini nimeshasafisha roli sita za nyeusi na nyeupe kwa chupa hiyohiyo na negativu ziko safi, hazina ukungu wala doa.

Kwa chupa ya fiksa (dawa ya kuifanya picha idumu kwenye filamu) usiutegemee. Ule unga wa njano chini ni salfa, asidi haiyeyushi, mi nimeutoa kwa brashi ndefu ya chupa. Na suuza fiksa yote kwanza, asidi ikiikuta inazidi kuivunja, salfa inaongezeka na harufu inakaba koo.

Jamani kama ulianza na blichi ya nguo USICHANGANYE na hii wala na stopu (dawa yenye asidi ya kusimamisha developa), inatoka gesi ya klorini na chumba cha giza chenyewe mara nyingi hakina dirisha.

Zile chupa za kukunjika kama kinanda cha kodiani siwezi kuzisemea vizuri, uchafu unajificha kwenye mikunjo brashi haifiki, yangu nimeitupa. Zilizobaki nasuuza mara tano naanika kichwa chini, kila moja na mfuniko wake nimeuandika jina, maana fiksa kidogo tu ikiingia kwenye developa inatosha kukuharibia filamu.