RNAlater porini Uganda: nzuri kwa tezi za sumu, si kwa kila sampuli

Kwa anayekusanya sampuli mahali pasipo na nitrojeni ya kimiminika ya kugandishia, tuseme misitu ya Semliki au pembezoni mwa Kibale, RNAlater inastahili nafasi kwenye begi. Ni maji yenye chumvi nyingi ya amonia salfeti, ambayo hupenya kwenye tishu na kuzima vimeng'enya vinavyokatakata RNA, yaani nakala zinazoonyesha jeni zipi ziko kazini.

Inapong'ara ni kwenye tezi za sumu. Swila au kifutu hukamuliwa kwanza, kisha tezi hutolewa siku ya nne hivi, jeni za sumu zikiwa kazini kutengeneza sumu mpya. Kata vipande vyembamba, unene usizidi nusu sentimita, na dawa iwe mara 5 hadi 10 ya ujazo wa tishu. Wengi huibania kwa sababu ya bei, wakajaza kichupa nyama tupu. Nje panabaki pazuri, katikati pameoza. Wengine huikimbiza kwenye friza papo hapo. Ilale kwanza usiku mmoja kwenye nyuzijoto 4 ipenye, ndipo iende -20.

Bila friji, sampuli iliyomo inavumilia wiki 1 kwenye nyuzijoto 25, lakini siku 1 tu kwenye 37. Ubaridi wa Kanyawara, kituo cha utafiti huko Kibale, unakusaidia. Gari lililoegeshwa juani Ntoroko, kwenye joto la bondeni kando ya Ziwa Albert, halikusaidii. Chembe nyeupe zikituama chini ni chumvi tu: pasha dawa hadi 37, tikisa.

Kwa kinyesi na bakteria wa utumbo, alama zinashuka. Dawa ni nzito, bakteria hawatuami hata kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi) mpaka uizimue kwa PBS (maji ya chumvi ya maabara) baridi ya ujazo sawa, na chumvi inayobaki hupunguza DNA. Ethanoli ya asilimia 95 inatosha kwa bei ndogo (ya 70, hapana!), ila inashika moto, hivyo kwenye ndege ni mzigo wa hatari.

Kwa popo, tahadhari. Popo wa matunda wa Pango la Python, msitu wa Maramagambo, hubeba kirusi cha Marburg, na RNAlater si dawa ya kuua virusi. Kichupa hicho kishikwe kama sampuli mbichi. Anayetaka kuua kirusi atumie bafa ya guanidini (kemikali inayovunja protini za kirusi) iliyothibitishwa kwa kazi hiyo.

Sumu iliyokamuliwa isitiwe humu kabisa, maana chumvi itagandisha protini zake. Ikaushwe kwenye chombo chenye silika jeli, ifungwe isipate unyevu, iwekwe gizani.