Panchi ya Halloween Mbeya: juisi safi, gesi sifuri, na jibu alilompa mtoto

Naandika hasira zikiwa bado moto, wala sisubiri zipoe. Kuna dada mmoja hapa Mbeya anafanya vinywaji vya shughuli: harusi, sendofu, kipaimara, bethidei za watoto. Simtaji jina wala biashara yake. Aliye mteja wake atamtambua. Nilielekezwa kwake na mama mmoja wa jumuiya yetu, na mpaka asubuhi ya siku yenyewe ningemtetea mbele ya mtu yeyote.

Shughuli ilikuwa ya watoto. Watoto wa dada yangu wamekulia Marekani, safari hii wamekuja na mama yao kukaa muda mrefu kidogo, na wakawa wananung'unika kwamba wataikosa Halloween, ile ya tarehe 31 Oktoba ambapo watoto wanavaa kama mizimu na mifupa na kugonga milango ya watu kuomba pipi. Mama mkwe aliuliza mara moja tu kama hayo si mambo ya kishetani. Shemeji akamweleza kwamba ni mkesha wa Watakatifu Wote, sikukuu ambayo mama mwenyewe hajawahi kuikosa, na kwamba ni wahamiaji wa Ireland walioipeleka desturi ile Marekani. Kwao walikuwa wakichonga taa kwenye mboga ya mizizi jamii ya figili, walipofika ng'ambo wakahamia kwenye maboga. Mama akasema, "Kama ni maboga, si yapo shambani Uyole?" Kesho yake tukawa na maboga ya kutosha kuchonga mtaa mzima.

Lakini watoto walichokihesabia siku ni panchi, yaani kinywaji cha juisi mchanganyiko. Nyekundu kama damu, na iwe na gesi. Nasisitiza gesi kwa sababu kulikuwa na mchezo. Unadondosha zabibu kavu kwenye glasi ya kinywaji chenye gesi. Zinazama mpaka chini, vipovu vinazing'ang'ania, vinazibeba juu, vikifika juu vinapasuka, zabibu zinazama tena, zinapanda tena. Zima taa, weka mshumaa nyuma ya glasi, utaapa ni mende wanaogelea kwenye damu. Wale watoto walikuwa wameshawatangazia watoto wa majirani wote kwamba kwao kutakuwa na mende hai.

Nikampigia yule dada. Maongezi ya kwenye simu, sina la kumlaumu. Alinisikiliza, akapendekeza mwenyewe rozela badala ya rangi za dukani, pesheni na nanasi kwa uchachu, tangawizi kidogo, halafu soda ya limao. Nilipomuuliza kuhusu ule moshi unaoonekana kwenye video, alikataa katakata: moshi ule unatoka kwenye barafu kavu, yaani kaboni dayoksaidi iliyogandishwa, nayo ina baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri, mtoto akimeza kipande inamuunguza mdomo na koo, yeye kwenye vinywaji vya watoto haiweki. Hapo nilimwamini moja kwa moja. Nikamwambia kwa kinywa changu, "Dada, soda tutaimimina hapa hapa nyumbani, watoto wakishakaa." Akasema, "Haina shida mama." Nikamtumia kianzio siku hiyo hiyo.

Siku ya siku akaja na bajaji kutoka Mwanjelwa. Nikategemea kuona ndoo za juisi na chupa za soda pembeni, zikiwa kwenye deli la barafu. Nikaona ndoo peke yake. Nikamuuliza soda iko wapi. "Nimeshachanganya tayari, mama." Nikafunua mfuniko. Ndani ya ndoo, juu ya usawa wa kinywaji, karibu upana wa kiganja, kulikuwa na mstari wa povu la pinki lililokauka na kugandia kwenye plastiki. Maana yake kinywaji kile kilifura, kikapanda, kikashuka, na povu likapata muda wa kukauka. Kilikuwa kimetulia tuli. Nikakikoroga na upawa, hakuna hata kipovu kimoja. Nikashika ndoo kwa nje: vuguvugu.

Naomba nieleze hili vizuri kwa sababu watu wengi wanaofanya vinywaji hawalijui, na yeye anapokea pesa za watu. Gesi ya kwenye soda ni kaboni dayoksaidi iliyoshindiliwa kwenye maji. Maji ya baridi yanaishika, maji yakipata joto yanaiachia. Oktoba huku kwetu ndiyo kiangazi chenyewe, mvua bado, jua linawaka mchana kutwa. Pia Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo kuliko Dar, kwa hiyo soda ikishafunguliwa huku gesi inatoka kwa haraka zaidi. Juu ya hapo umimine kwenye juisi yenye nyama za nanasi na mbegu za pesheni, ambazo kila kikorokoro chake ni mahali pa kipovu kujijengea, ukoroge na mwiko, ufunike, upakie kwenye bajaji, upige matuta yote ya njiani. Gesi itabaki kwa miujiza gani? Ndiyo maana soda huwa inaingia mwisho. Ya baridi sana, inamiminwa taratibu kwa ubavuni mwa glasi, haikorogwi. Kazi ya dakika chache, na tulikuwa tumeshakubaliana.

Sasa nitende haki. Ile juisi ilikuwa tamu. Sisemi tamu ya sukari. Rozela aliichemsha na tangawizi akaipoza, uchachu wake ukakutana na pesheni, halafu nanasi ikaja nyuma. Mama mkwe, ambaye huwa havumilii vinywaji vya shughuli, aliomba aongezewe, akasema "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, mara mbili. Na kulikuwa na mkono wa barafu! Yule dada alichukua glavu mpya, akaiosha vizuri kutoa ule unga wa ndani, akajaza rozela badala ya maji ili ikiyeyuka isizimue panchi, akafunga, akagandisha usiku kucha, halafu akaichana glavu. Ukatoka mkono mwekundu wenye vidole vyote, hata mikunjo ya viungo inaonekana. Watoto walipiga kelele za furaha mpaka jirani akachungulia. Kwa ule mkono peke yake, jioni ile nilikuwa tayari kusamehe habari ya gesi. Niliwaza: gesi ni bahati mbaya, mtu huyu anajua kazi yake, nitamwita tena.

Halafu tukazima taa.

Watoto wakajipanga mezani na vinyago vyao, mshumaa ukawekwa, mpwa wangu mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa ametangaza habari za mende mtaa mzima, akadondosha zabibu kwenye glasi. Zikazama. Tukasubiri. Zikakaa pale chini kama zilivyo. Mtoto mmoja wa jirani akauliza, "Mende wenyewe wako wapi?" Mpwa wangu akamgeukia yule dada, kwa adabu kabisa na kwa Kiswahili chake cha kubabaisha: "Shangazi, kwa nini hawaogelei?"

Yule dada alikuwa amekaa pembeni na simu yake. Hakuinua hata macho. Akasema, "Wamekufa. Kunywa au acha."

Nimeandika maneno yake kama yalivyotoka. Mtoto alinyamaza, midomo ikaanza kumtetemeka, akavua kinyago chake akakiweka chini. Mtoto aliyemwita shangazi! Mama mkwe akamwambia kwa upole, "Mwanangu, na mtoto anazungumzishwa." Kimya. Mimi nikasogea nikamwambia kwa sauti ya chini, nisimwaibishe mbele za watu, "Dada, si tulikubaliana soda itamiminwa hapa?" Ndipo akanijibu kwa sauti ya kusikika na wote: "Mama, gesi haishibishi mtu. Utamu upo au haupo?"

Utamu ulikuwepo. Ndiyo inayoniuma zaidi. Angekuwa hajui kazi ningeelewa, lakini mtu anayekaa usiku kuosha glavu ya barafu anajua kabisa soda inaingia lini. Alichanganya mapema kwa sababu hakutaka kubeba chupa na deli, na hilo ningelimeza angesema tu, "Samahani mama, nimeteleza." Hakusema. Alimnyamazisha mtoto kwa kosa lake yeye.

Shemeji akamtuma kijana wa bodaboda dukani akalete soda za limao za baridi, zile zilizokuwa chini kabisa ya friji. Tukapunguza panchi kwenye glasi, tukamimina soda juu yake taratibu, nusu kwa nusu. Zabibu zikatulia sekunde kadhaa pale chini, moja ikatikisika, ikainuka na kipovu mgongoni, ikafika juu ikageuka, ikashuka. Kisha nyingine. Kisha zote. Hizo kelele! Mpwa wangu akarudisha kinyago chake usoni akaanza kuwaelekeza wenzake kama yeye ndiye fundi. Na yule dada, bila haya, akasema, "Si hao sasa, mlikuwa mnalalamikia nini?"

Nilikuwa nimeanza kuandika kwamba anafaa, ila simamia soda mwenyewe. Nimefuta. Kama unataka juisi ya rozela na pesheni ya watu wazima, ifike kwenye madumu, aiache getini aondoke, basi mwite, hutajuta. Kwa shughuli ya watoto, mimi simwelekezi mtu kwake. Afadhali uchemshe rozela yako mwenyewe nyumbani, ipoe kabisa kwenye friji, uweke soda zako kwenye barafu tangu asubuhi, uzifungue watoto wakiwa wamekaa. Hata ikikosa ule utamu wake, mtoto akiuliza swali atajibiwa.

Juzi amenitumia ujumbe anaulizia salio. Nimemtumia hela yote ya juisi na ya mkono wa barafu, kwa sababu alivifanyia kazi. Hela ya soda nimeizuia na nimemwandikia sababu. Kuhusu mtoto, nimemwambia apige simu azungumze naye mwenyewe. Yupo hapa mpaka Krismasi. Mpaka naandika haya ujumbe wangu ameusoma na hajajibu. Akipiga, nitaandika upya.