PS ipi ninunue? Uliza kwanza gemu itaingiaje

Mtu akiniuliza anunue PS ipi, yaani mashine ipi ya gemu, simjibu kwanza. Namuuliza: kwenu gemu itaingia kwenye mashine kwa CD au kwa bando? Wengi hawajawahi kuliwaza hilo. Wamekesha wakilinganisha picha inavyong'aa, halafu wanarudi nyumbani na mashine nzuri isiyo na pa kuingizia CD, na gemu moja ya mpira inadai makumi ya GB kabla refa hajapuliza filimbi. Orodha hii nimeipanga kwa hesabu hiyo, kwa mtu wa Dar mwenye LUKU, TV ya inchi 32 na wadogo zake wanaogombea zamu.

1. PS4 Slim ya mtumba

Ndiyo, mashine ya 2016. PS4 ya kwanza ilitoka 2013, na hii ni ile nyembamba iliyofuata miaka 3 baadaye. Nimeiweka juu kwa sababu CD zake zimejaa mtaani. Ukiichoka moja unabadilishana na jirani, unaongeza kidogo, unapata nyingine. Gemu uliyoidaunilodi huwezi kumpa mtu mkononi, hela yake imekwenda. Isitoshe, EA, watengenezaji wa gemu za mpira, bado wanaikumbuka: FC 26 yao, iliyotoka 2025, ina toleo la PS4. Wachezaji hawakimbii kwa ulaini ule wa PS5, lakini ukifungwa tatu bila si kosa la mashine.

Umeme nao. PS4 Slim ikiwa mchezoni inakula kama wati 80 au 90, kwa hiyo uniti moja ya LUKU inakufikisha zaidi ya saa 10, ukiacha ile ya TV. Picha inaitoa kwa 1080p, yaani Full HD, na TV nyingi za sebuleni hazina uwezo wa kuonyesha zaidi ya hapo.

Sasa kuinunua, ndipo watu wanapolia. Mimi nililia. PS4 yangu ya kwanza niliikuta inawaka, mechi inaendelea, pedi laini, muuzaji mchangamfu. Nikalipa. Usiku naingiza akaunti yangu ya PlayStation, inakataa: mashine ilishafungiwa mtandaoni, na ikishafungiwa hakuna akaunti itakayoingia, iwe yako au ya nani. Kesho yake nikarudi. "Si inacheza, kaka?" Ni kweli ilikuwa inacheza. Sikuwa na la kumjibu.

Kwa hiyo nenda na vitu viwili: CD yako mwenyewe na simu yenye bando la kurushia wai-fai. Igeuze mashine usome namba ya modeli. Slim inaanza na CUH-2, ile nene ya zamani ni CUH-1, Pro, ile yenye nguvu zaidi, ni CUH-7. Usitegemee mdomo wa muuzaji, maana dukani kila PS4 ni Slim. Ingiza CD, itoe, ingiza tena, mara nne au tano, lenzi iliyochoka hujiumbua kwenye mara ya tatu. Ingiza akaunti yako mtandaoni palepale. Halafu cheza mechi nzima, usikubali dakika mbili. Feni ikianza kuunguruma kama jenereta wakati mnaenda mapumziko, ndani kuna vumbi au pesti ya kupozea prosesa imekauka. Hilo fundi analimaliza, ila likatwe kwenye bei. Mwisho, tikisa waya wa HDMI taratibu kule nyuma. Picha ikikatika, achana nayo, tundu la HDMI ndio ugonjwa wa hizi mashine.

Hata diski ya ndani inayohifadhi gemu ikiwa nzito si mwisho wa dunia. Kwenye Slim unavuta kifuniko cha pembeni kwa nyuma, unafungua skrubu moja, unachomoa diski ya inchi 2.5 na kuweka SSD, diski ya kasi, ya kawaida ya laptopu. Yangu ilikuwa inawaka huku naandaa chai. Siku hizi chai haiwahi.

Pro nimeiruka makusudi. Ina kelele, inakula umeme zaidi, na utamu wake mwingi unauona kwenye TV ya 4K.

2. PS5, ila yenye mlango wa CD

Hela ikiwepo, ichukue. Gemu zinafunguka upesi kwa ajili ya ile SSD, na CD zako karibu zote za PS4 zitaendelea kucheza humo. Kuna na sababu ambayo vijana wote wanaijua: GTA VI imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series X na S tu. Anayeisubiri hiyo, PS4 haitamsaidia.

Lakini kwa bei ya PS5 mpya moja unaweza kuondoka na PS4 Slim mbili za mtumba, na ukiwa kwenye gemu nzito inafika wati 200, yaani uniti moja kwa saa 5. Epuka ile ya Digital, isiyo na mlango wa CD. Zile nyembamba zilizotoka 2023 zinakubali kuchomekwa kisomea CD baadaye, ila siku ya kukifunga lazima uwe na intaneti. PS5 Pro inakuja bila hicho kisomea, pamoja na bei yake yote. Na usimpe fundi yeyote aifungue: kwenye prosesa Sony waliweka metali ya majimaji badala ya pesti, na ikivuja kwenye bodi inapiga shoti.

3. Nintendo Switch

Kwa mtoto, au kwa mtaa ambao umeme una tabia zake. Inatembea na betri. Zile zilizoboreshwa mwaka 2019 zinakaa kati ya saa 4 na nusu na 9, kutegemea gemu. Kadi zake za gemu ni ghali na hapa si rahisi kuzipata, na vijiti vya pedi zake vina sifa mbaya ya kuanza kusogea vyenyewe.

4. Xbox Series S

Hapa nitagombana na watu. Ni mashine nzuri, ya kizazi kimoja na PS5, ndogo, kimya. Lakini haina CD kabisa. Ile ya kawaida ndani imeandikwa GB 512, unazotumia ni 364, na kuna gemu zinazokula zaidi ya 100 peke yake. Kila kitu kinapita kwenye bando. Kama una faiba nyumbani, ipandishe hadi namba 2, hata juu ya PS5 kwa bei yake.

5. PS3 iliyochipiwa

Yaani imechezewa ili ikubali gemu za kunakili. Gemu zimejazwa ndani, PES za mpira zipo, huhitaji CD wala intaneti. Kwa kibanda cha gemu inalipa bado. Kwa nyumbani utachoka: FIFA ya mwisho kuifikia ilikuwa FIFA 19.

Kile kijiti cha HDMI chenye gemu elfu kumi sijakipa namba. Elfu tisa ni zilezile kwa majina tofauti.

Mambo mawili kabla hujatoa hela. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Store, ndiyo maana akaunti zetu nyingi ni za Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Kadi ya kuongezea hela lazima iwe ya nchi ya akaunti yako, la sivyo inakataa na aliyekuuzia hairudishi.

La pili ni pedi. Feki za PS4 zimejaa, na kuijua si kazi: ingia kwenye mechi, uachie kijiti, umtazame mchezaji wako. Akitembea mwenyewe, rudisha. Chenji ikibaki, nunua pedi ya pili kabla ya gemu ya pili. Kibandani anayefungwa anapisha, lakini nyumbani penye pedi moja mwenye PS hafungwi kamwe, na wadogo zako wanalijua hilo.