Bango la Kambria: uchapishaji safi, ila kagua nakala mwenyewe

Nafundisha Jiografia, na klabu yetu ilitaka bango la Kambria ya mwanzo, kipindi cha kale sana katika historia ya dunia, kwa siku ya wazazi. Nililipeleka duka moja la uchapishaji hapa Kisumu mjini: sentimita 150 kwenda juu, turubai nzito, shilingi 1,800 kwa M-Pesa. Limening'inia uani wiki tatu, jua la Kisumu na mvua ya jioni, na rangi haijapauka. Kwa kuchapisha, nyota tano.

Mpangilio ndio ulinitoa jasho. Kipimo changu kilikuwa sentimita 5 kwa kila miaka milioni moja, kuanzia chini, mwanzo wa Kambria, miaka milioni 538.8 iliyopita, kwa sababu tabaka la zamani hulala chini. Trilobaiti wa kwanza, wanyama wa baharini wenye gamba waliokwisha toweka, wanatokea kama miaka milioni 521 iliyopita, kwa hiyo karibu sentimita 90 za bango hazina trilobaiti hata mmoja. Kijana wa kompyuta aliona pengo baya. Akalibana, akashusha trilobaiti mkubwa mpaka mwanzo kabisa.

Nikamwambia mpaka ule wa mwanzo wa Kambria hauna mnyama. Mwaka 1992 wanajiolojia waliuweka kwenye mwamba wa Fortune Head, Newfoundland, Kanada, pale inapoanza kuonekana alama iitwayo Treptichnus pedum: njia ya kiumbe laini aliyechimba tope, akichomoza juu, akirudi chini, akichomoza tena. Mwili wake hatunao. Nilimchorea kwa kidole kwenye vumbi la kaunta, mstari uliopinda wenye vichipukizi, kama unavyoona kwenye tope la ufuko wa Dunga maji yakirudi nyuma. Akaangalia, akacheka: "Mwalimu, hii wateja watasema mashine imemwaga wino." Lakini aliichora, na vizuri kuliko mimi.

Nakala ya pili ikaja WhatsApp na kosa jingine. Mimi niliandika hatua za Kambria, yaani vigawanyo vyake vya muda, kuanzia chini: Fotunia, halafu Hatua ya 2, ya 3 na ya 4. Yeye akadhani nimesahau majina, akaingia intaneti, akanijazia Tomoti na Atdabania. Hayo ni majina ya Siberia. Kimataifa hatua hizo tatu bado zina namba tu. Visukuku vya wakati huo vilitofautiana bara kwa bara, hivyo ni vigumu kupata kisukuku kimoja cha kuwekea mpaka kila mahali. Jina linarudi juu kabisa ya bango, Wuliu, iliyopitishwa 2018 kwa mpaka wa Guizhou, China, kwa trilobaiti Oryctocephalus indicus. Huyo ndiye niliyemruhusu awe mkubwa.

Marekebisho matatu, hakuongeza hata shilingi. Natoa nyota nne. Ile moja ni ya siku mbili za kuchelewa, maana tulilitundika wazazi wakiwa wameshakaa vitini.