Bango Zuri, Siri Hakuna: Miaka Mitatu na Steshenari Moja ya Majengo

Ukipita nyuma ya Soko la Majengo hapa Dodoma, kwenye uchochoro wa mafundi cherehani, utaisikia mashine ya kutoa kopi kabla hujaiona. Duka lenyewe ni chumba kimoja: kompyuta mbili, printa tatu ambazo moja sijawahi kuiona ikifanya kazi, na benchi ambalo ukikaa mwishoni linanyanyuka upande wa pili. Jina silitaji, maana nina mabaya ya kusema na mwenyewe namheshimu. Wa Majengo mtalijua tu.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, wa kujitolea. Nashughulika na vijana wanaozolewa usiku kwa kosa la uzururaji na watoto wanaojikuta mahabusu pamoja na watu wazima. Kazi hii ya kutetea haki wengi wanaijua kwa siku ya maandamano, na siku hiyo kwa kweli ni saa moja na nusu hivi, mkiwa na bahati. Zilizobaki zote ni karatasi. Kuchapa, kutoa kopi, kubana pini, kugongesha mhuri, kurudi tena kwa sababu umesahau tarehe. Kwa hiyo steshenari kwangu ni kama jembe kwa mkulima, na hili jembe nimelilimia tangu 2022.

Bei kwanza, najua ndiyo mnayoitaka. Kopi shilingi 100, kuchapa ukurasa 1,000, bango la turubai nililipa 15,000 kwa mita ya mraba. Ukipeleka kazi ya kikundi mzee mwenye duka anapunguza, ila umsalimie kwanza. Ukiingia na "nina haraka" unakaa benchi. Ukiingia na "Mbukwa!" hata kama Kigogo chako kinaishia hapo, unahudumiwa.

Wanachokiweza kuliko duka lolote nililowahi kutumia mjini hapa ni barua ya dharura. Kwa wasiojua: Sheria ya Jeshi la Polisi, Sura ya 322, kifungu cha 43, inataka anayeandaa mkusanyiko au maandamano ampe taarifa mkuu wa polisi wa eneo saa 48 kabla, aeleze mahali, muda na dhumuni. Ni taarifa, ingawa kaunta nyingi za polisi wanaipokea kama ombi la ruhusa, na hapo ndipo mabishano huanza. Saa zako 48 unazithibitisha kwa mhuri wa "Imepokelewa" kwenye nakala yako, basi. Bila nakala yenye mhuri, hukuandika barua.

Jumanne moja ya Juni 2023 umeme ulikatika saa nane mchana, barua iko nusu kwenye skrini. Mzee akamtuma kijana awashe jenereta kwa ajili ya ukurasa mmoja wa 1,000, mafuta peke yake yakimla zaidi ya hapo. Ibara ya 20 ya Katiba nilikuwa nimeiandika "ibara ya 02", na dada wa kompyuta ndiye aliyeliona kosa: "Dada, hii si ishirini?" Saa tisa na dakika ishirini nilikuwa kaunta, nakala mbili mkononi, mhuri ukagongwa. Siku ile ningewapa nyota zote za mbinguni.

Kesho yake wakanichapia bango.

Shughuli yenyewe ilikuwa Siku ya Mtoto wa Afrika, Juni 16. Kila mwaka hapa kwetu siku hii inakuwa ya matarumbeta na hotuba, watoto wamepangwa mistari juani, na ni nadra kusikia mtu akiwaambia kwamba wenye siku yao walikuwa waandamanaji. Wanafunzi wa Soweto walitoka madarasani Juni 16, 1976 kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, polisi wakawafyatulia risasi, na Hector Pieterson akafa angali mtoto. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ndio ulioitenga siku hiyo, ikaanza kuadhimishwa mwaka 1991. Sisi tulitaka bango liseme hivyo tu, kwa herufi kubwa: SOWETO 1976, WALIKUWA WATOTO.

Likatoka SOWETO 1967.

Nikamwita mzee. Akalitazama, akavua miwani, akaivaa tena. "Sitini na saba si mwaka wa Azimio la Arusha?" Nikamwambia Azimio ni Azimio na Soweto ni Soweto. Akacheka mpaka akakaa kwenye lile benchi. Kuchapa upya hakukuwa na muda, wakakata stika yenye 76 wakaibandika juu. Nyekundu yake ikang'aa kuliko nyekundu ya bango, na nadhani gundi ilikuwa ya bahasha. Tumetoka eneo la Sabasaba vijana kama 60, na mnaujua upepo wa Dodoma wa Juni, ule unaobeba vumbi na kanga za watu. Stika ililegea pembe moja, kisha mbili, na tulipofika Nyerere Square ilikuwa imekwenda zake. Mtoto mmoja wa darasa la tano akaniuliza sitini na saba kulitokea nini. Nikajikuta nasimulia habari za mabenki kutaifishwa kwa mtu aliyekuja kusikia habari za Soweto.

Hela ya bango alinirudishia nusu bila kudaiwa. Niliandika hilo kwenye daftari langu, na naliandika na hapa.

Fulana sina maneno mengi. Maandishi yanabanduka ukifua mara ya pili, na ukipiga pasi yanahamia kwenye pasi.

Sasa nije kwenye ujasiri, kwa sababu duka la kuchapa nalo linahitaji ujasiri. Nilipoanza, vyama vya siasa vilikuwa bado vimezuiwa mikutano ya hadhara, na mtu akiona neno "maandamano" kwenye karatasi anaangalia mlango. Zuio lilipoondolewa Januari 2023 foleni pale ikawa ya bendera na fulana za rangi zote, biashara ikanoga. Halafu ukaja uchaguzi wa Oktoba 2025 na yale yaliyotokea, intaneti ikazimwa siku kadhaa, na baada ya hapo mashine za mji huu zikaanza kuwa na aibu. Duka moja nililokuwa nalitumia kwa kazi kubwa waliniambia mashine mbovu, na wakati wananiambia naisikia inachapa kadi za harusi. Sikuwalaumu sana, mtu ana watoto.

Mzee wa Majengo aliisoma karatasi yangu yote, taratibu, midomo ikitembea. Ilikuwa muhtasari wa kurasa tatu wa maoni ya ushauri yaliyotolewa na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, Desemba 4, 2020: kwamba sheria za uzururaji zinamwadhibu mtu kwa hali yake na si kwa tendo, zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika, na nchi zinapaswa kuzipitia, kuzirekebisha au kuzifuta. Akauliza, "Hii ni mahakama kweli imesema?" Nikamwonyesha. Akasema, "Basi tatizo liko wapi?" akatoa kopi 200. Bodaboda wa pale kituoni wanazo mpaka leo, nyingine wamezikunja kwenye kofia za helmeti.

Ningeishia hapo ningekuwa mnafiki.

Desemba ile ya baada ya uchaguzi niliwapelekea wachape maelezo ya kijana wa miaka 15. Jina lake, jina la mama yake, mtaa, alikokamatwa, alichofanyiwa. Siku mbili baadaye nimekaa benchi nangoja, mteja wa mbele yangu anafungua faili lake la CV, na pembeni ya CV, wazi kwenye skrini, naliona jina la yule kijana. Ndivyo faili lilivyoitwa, majina yote matatu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kesi ya mtoto isikilizwe faragha. Hakimu anawatoa watu nje, na sisi tumemwanika Majengo, mbele ya foleni ya kopi za vitambulisho.

Nilimwambia mzee pembeni, kwa upole, kwa sababu ni mtu mzima. Hakunielewa mara moja. Kwake yeye siri ni kitu cha kuficha ubaya, na mtoto hakufanya ubaya, sasa aibu ya nini? Tulizungumza kama nusu saa. Nikamuuliza, angekuwa Rehema wake je? (Mjukuu.) Akanyamaza, akaenda kulifuta mwenyewe, ila hakujua kwamba linabaki kwenye pipa la taka la kompyuta, nikalifuta mimi. Kosa langu pia lipo: mimi ndiye niliyewatumia kwa WhatsApp, na simu ya dukani inashikwa na kila mtu.

Tangu hapo barua na mabango napeleka kwao, maelezo ya watoto nachapa nyumbani kwenye kompyuta ya kuazima, naweka kwenye flashi, nasimama nyuma ya dada wa kompyuta mpaka karatasi itoke, nachomoa. Jina naandika herufi moja tu. Yeye hanuni, siku hizi ananigeuzia skrini kabla sijasema.

Nawapa nyota tatu na nusu. Hiyo nusu ni ya jenereta.

Wanafungua saa mbili asubuhi, Ijumaa wanafunga saa sita mpaka saa nane kwa ajili ya swala. Tarehe zihakikisheni wenyewe kabla bango halijachapwa, fulana pelekeni kwingine. Na benchi, kaeni katikati.